UZI: Neil Young, albamu ipi kiboko na ipi aliboronga?

Santuri Kuukuu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia. Mwezi uliopita familia imenikabidhi sanduku lake la mbao, na humo ndani, chini ya makoti yaliyoliwa na nondo, nimekuta santuri kumi na moja. Saba ni za mtu mmoja: Neil Young. Nyuma ya jalada la On the Beach mjomba kaandika kwa kalamu ya wino "Rotterdam, mvua". Tarehe hakuna, jina hakuna.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nimezisikiliza zote, halafu nikaanza kuzifukuzia mtandaoni zile ambazo mjomba hakuwahi kuzipata, na jamaa ana albamu za studio zaidi ya 40. Sasa nataka watu wa kubishana nao, maana nyumbani sina. Mke wangu kasikiliza nyimbo mbili akasema huyu anaimba kama mbuzi aliyesahauliwa nje mvua inanyesha.

Kwa wageni: ni Mkanada, mzaliwa wa Toronto, 1945. Alipitia bendi ya Buffalo Springfield, akapitia kundi la kina Crosby, Stills na Nash, lakini miaka yote ana sura mbili. Moja ni ya gitaa kavu na harmonika. Ya pili ni gitaa la umeme la kukwaruza akiwa na jamaa zake wa bendi ya Crazy Horse. Ukimpenda kwa sura moja, ile nyingine inaweza kukukimbiza.

Msimamo wangu huu hapa. Kiboko yao ni On the Beach (1974). Ya pili Tonight's the Night (1975), ya tatu Rust Never Sleeps (1979).

Takataka: Trans (1982), Everybody's Rockin' (1983), Landing on Water (1986). Hii miaka ya 80 sijui alirogwa na nani. Trans ndiyo mbovu kupita zote, mtu mzima anaimba kupitia mashine kama roboti la kwenye katuni.

Harvest nimeiacha nje kwa makusudi. Haya, leteni mawe.

Kiroboto

Nimewahi siti ya mbele. Anayeuza karanga apite huku.

MtotoWaNakuru

Boss, umeiacha Harvest nje? Kwani hiyo santuri ya mjomba ilikuwa na mkwaruzo?

Sisi huku Kenya tumelelewa na Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams. Harusi, matanga, matatu ya jioni, ni hao. Kwa hivyo mtu akiniwekea ile gitaa ya pedali inayolia pole pole kwenye Harvest, mimi hujui vile nyumba ya nyanya yangu inanirudia, mpaka harufu ya moshi wa kuni. Alirekodi Nashville, na wanamuziki wa Nashville, na nyuma yake wako Linda Ronstadt na James Taylor wakimwitikia. Ndiyo albamu iliyouzwa kushinda zote Marekani mwaka wa 1972. Heart of Gold ilifika namba moja, na hajawahi kupata namba moja ingine kule tangu siku hiyo.

Yangu: Harvest, Comes a Time, Harvest Moon. Hizo zingine za kelele wachia vijana.

Santuri Kuukuu

MtotoWaNakuru, karibu sana, na pole kwa nyanya kama ametangulia. Lakini mauzo si hoja. Maandazi ya kituo cha basi nayo yanauzwa kuliko yote.

Harvest ni nzuri, sikatai. Ila ujue ilivyozaliwa. Mgongo wake ulikuwa mbovu kipindi hicho, mpaka wakampasua. Kusimama na gitaa zito la umeme hakuweza, ndiyo maana tukapata nyimbo za kukaa kitini. Na mle ndani kuna nyimbo mbili amezimwagia okestra nzima ya London Symphony. A Man Needs a Maid naisikiliza kwa kuvumilia. There's a World siivumilii kabisa. Ni kama kumvalisha mkulima suti ya arusi halafu unampeleka shambani.

Na mwenyewe alikuja kuandika kwamba ile Heart of Gold ilimweka katikati ya barabara, akachoka haraka, akaamua kwenda mtaroni. Mimi niko naye mtaroni.

Fundi Redio

Nakazia kuhusu okestra. Lakini Santuri, ukizungumzia mtaro usiruke mlango wake wa kuingilia, ambao ni Time Fades Away (1973).

Wengi hawaijui kwa sababu ilipotea miaka na miaka. Kwenye CD haikuonekana hadi 2017. Na kichekesho ni kwamba mwenyewe amewahi kusema ndiyo albamu mbovu kuliko zote alizotoa. Sasa tumsikilize yeye au masikio yetu?

Mambo yalikuwa hivi. Harvest imelipuka, anajiandaa kwa ziara kubwa. Anamwita Danny Whitten, mpiga gitaa wake wa Crazy Horse, ambaye heroini ilikwisha mmaliza. Mazoezini kijana hashiki hata nyimbo. Neil anamwachisha, anampa dola 50 na tiketi ya ndege ya kurudi Los Angeles. Usiku uleule, Novemba 1972, Whitten kafa kwa kuzidisha dozi. Halafu Neil anapanda jukwaani mbele ya maelfu waliokuja kusikia Heart of Gold, anawapigia nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikia, sauti imekauka, bendi inagombana. Hiyo ndiyo iliyorekodiwa. Ni mbovu, ndiyo. Mtu ukitoka kuzika unaimba vizuri?

Kiboko yangu mimi lakini ni Everybody Knows This Is Nowhere (1969), ya kwanza na Crazy Horse, Whitten akiwa hai. Sikilizeni Down by the River kwa hedifoni. Neil upande mmoja, Whitten upande wa pili, yule wa pili hajipendekezi, anakata tu, anakata, anamwachia mwenzake nafasi. Kwenye Cinnamon Girl solo nzima ni noti moja inayorudiwa! Watu wa Berklee, kile chuo cha muziki, wanacheka, mimi nalia. Mimi nimekulia kwenye sebene la kina Franco, najua gitaa mbili zinazosikilizana zinavyokuwa. Hapa hakuna kucheza, ila kusikilizana kule ni kulekule.

Bint Mzizima

Wanaume mkikutana kwenye gitaa mnasahau kuna mtu anaimba.

Naanza na mke wa Santuri: mwambie namheshimu ila mbuzi simkubali. Sauti ya Neil ni nyembamba, inatetemeka, inapanda juu mahali ambapo mwanamume mwingine angeona haya kufika. Sisi tuliompenda Bi Kidude hatuwezi kusema sauti nzuri ni ile laini tu.

Kwangu ni After the Gold Rush (1970). Sikilizeni wimbo wenyewe wa jina hilo, ni piano na yeye, na katikati baragumu moja tu. Na kwenye albamu hiyo piano nyingine amempigisha Nils Lofgren, kijana ambaye hata miaka 20 hajafika na kazi yake ilikuwa gitaa. Eti hakutaka mpiga piano anayejua sana. Ndiyo akili ya huyu mzee: akiona kitu kinakwenda vizuri mno, anaweka jiwe kwenye kiatu.

Mbovu kwangu: Are You Passionate? ya 2002. Kachukua watu wa Booker T. & the M.G.'s, mafundi wa soul hasa, halafu kaimba kama anasoma bili ya maji. Kuna Everybody's Rockin' nayo, ila ile angalau ni fupi, dakika 25 hivi unaachana nayo.

Kiroboto

Mbona hakuna aliyetaja Arc? Ilitoka 1991 pamoja na Weld, ile ya jukwaani. Dakika 35 za gitaa kupiga mayowe kwenye spika na vipande vya mwisho wa nyimbo, vimeunganishwa. Niliiweka Jumapili asubuhi. Jirani kagonga mlango kuuliza kama friji letu limeharibika, maana anamjua fundi.

Kiboko bila mjadala: Arc. Mbovu bila mjadala: Arc.

Mzee Baridi

Salaam kutoka Winnipeg. Huku ndiko alikosoma sekondari, Kelvin, na ndiko alikoanzisha bendi yake ya The Squires. Kila nikipita ile shule kwenye theluji najiuliza sauti ile ingetoka wapi kama si kwenye upepo huu.

Naona wote mmesimama mwaka 1979 na wachache wamejikongoja hadi 1992. Mnamwonea mzee. Nawaombeni Freedom (1989), albamu iliyomrudisha mjini, halafu Ragged Glory (1990), waliyorekodi ghalani kwake California, Crazy Horse wakiwa na furaha isiyo ya kawaida. Sleeps with Angels (1994) ni ya giza. Wimbo wake mkuu unamhusu Kurt Cobain, yule mwimbaji wa Nirvana aliyejiua, aliyenukuu mstari wa Neil kwenye barua yake ya mwisho. Mwaka uliofuata akaingia studio Seattle na bendi ya Pearl Jam wakatoa Mirror Ball kwa siku chache tu. Mtu wa miaka 49 na vijana ambao wangeweza kuwa wanawe, na anawakimbiza yeye!

Halafu Le Noise (2010). Yeye na gitaa peke yake, Daniel Lanois kwenye mitambo. Hakuna besi wala ngoma, na nyumba inatikisika.

Mbovu? Fork in the Road (2009). Albamu karibu nzima kuhusu gari lake la zamani, Lincoln ya 1959 aliyoigeuza itumie umeme. Nalipenda wazo la gari. Nyimbo zinahitaji kusukumwa.

MtotoWaNakuru

Mzee Baridi, na Living with War? 2006, vita vya Iraq, kwaya ya watu 100, anataka rais aondolewe. Hiyo nayo unaweka wapi?

Mzee Baridi

Gazeti zuri. Magazeti hayasomwi mara mbili.

Bint Mzizima

Hapo tutagombana, mzee. Remmy Ongala naye aliimba mambo ya siku ile na bado tunamsikiliza.

Mzee Baridi

Remmy alikuwa na ngoma ya kucheza chini yake. Hiyo ndiyo tofauti.

Santuri Kuukuu

Jamani msihamishe uzi. Ngoja niitetee On the Beach, maana naona mmeipita kama kituo kisicho na abiria.

Chukueni jalada mkononi. Ufukwe wa Santa Monica, mbingu ya kijivu. Neil kasimama mbali, katupa mgongo, koti la njano. Mbele kuna meza, viti na mwavuli wa maua kama vile watu walikuwa wanakula wakakimbia. Pembeni mchangani limechomoza pezi la Cadillac, gari lenyewe limezikwa. Na chini kuna gazeti ambalo kichwa chake kinasema seneta anamtaka Nixon ajiuzulu. Jalada hilo linakuambia kila kitu kuhusu Marekani ya 1974 kabla hujaweka sindano. Mjomba wangu kaitazama picha hii kwenye kibanda cha meli Rotterdam, mvua inanyesha. Nahisi ndiyo maana aliandika vile.

Upande wa pili una nyimbo tatu tu, zote za polepole, ya mwisho Ambulance Blues inakaribia dakika tisa. Inasemekana studio walikuwa wanakula bangi iliyokaangwa na asali, na inasikika, kila mtu anapiga kama yuko chini ya maji. Lakini hakuna hata noti moja ya uongo. Nayo hii CD yake haikutoka mpaka 2003. Ukiangalia vizuri, albamu zake kali ndizo alizozifungia kabatini.

Hata Tonight's the Night ilirekodiwa 1973 ikakaa kabatini mpaka 1975. Na yenyewe isingetoka. Ilikuwa zamu ya Homegrown, imekamilika. Akawaalika rafiki zake hotelini wasikilize, kumbe Tonight's the Night ilikuwa kwenye utepe uleule. Rick Danko wa The Band akasema toa hii ya pili. Homegrown ikafungiwa hadi 2020. Miaka 45!

Mama K

Huwa nasoma tu humu siandiki. Leo naandika kwa sababu ya Trans.

Mwanangu ana miaka tisa. Ana mtindio wa ubongo, hatembei na hasemi. Anaelewa, mimi najua anaelewa, ila kutoa anachotaka ndiyo kazi. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni tunafanya mazoezi ya viungo kwenye mkeka: mguu wa kulia, mguu wa kushoto, shingo, vidole kimoja kimoja. Mikono yangu inaijua ile shingo kuliko inavyojua kukanda unga.

Neil Young ana mtoto anaitwa Ben, alizaliwa 1978, mwenye hali hiyohiyo na hasemi. Mwanzoni mwa miaka ya 80 yeye na mkewe Pegi waliingia kwenye programu ya mazoezi iliyochukua karibu siku nzima, kila siku, kwa zaidi ya mwaka. Ndiyo kipindi alichotoa Re-ac-tor (1981), ile ambayo ina wimbo wa dakika tisa kuhusu viazi vya kuponda na nyama, maneno hayohayo. Watu walicheka. Mimi nilipoisikia nilisema huyu amechoka kama mimi. Ukirudia kitu kimoja mara mia kwa siku, kichwani hubaki na kitu kimoja.

Baada yake ndiyo Trans. Ile mashine mnayoiita roboti la katuni, vokoda, aliiweka ili maneno yasisikike vizuri. Mwenyewe ameeleza kwamba nyimbo zile zinahusu mtu anayejaribu kuwasiliana na asieleweke. Transformer Man ni ya Ben. Mle anazungumzia mtoto anayeendesha mambo kwa kubonyeza kitufe, na kweli alimtengenezea treni za kuchezea ambazo Ben aliweza kuziendesha kwa kitufe.

Nilimwekea mwanangu Harvest, hakugeuka. Nikamwekea Transformer Man, akageuza shingo. Shingo ileile. Sisemi ni muujiza, hata filimbi ya jiko la presha ikilia anageuka. Nasema tu aligeuka.

Msiiite takataka.

Kiroboto

Nimeshuka siti ya mbele, nimekaa chini.

Santuri Kuukuu

Mama K, naomba radhi. Nilikuwa sijui. Nimezima kila kitu nikaiweka tena Transformer Man, na safari hii sikusikia roboti.

Trans naitoa kwenye takataka.

Fundi Redio

Mama K, heshima kwako na kwa kijana. Naomba niseme kitu kimoja na usinielewe vibaya.

Ubovu wa Trans si vokoda. Nyimbo za vokoda ndizo zenye roho. Tatizo ni kwamba albamu ile ni mbili zilizoshonwa pamoja. Kabla yake alikuwa Hawaii akirekodi kitu kingine kabisa, mambo ya visiwani, kikaitwa Island in the Sun. Kampuni ya Geffen, ambayo ndiyo kwanza amejiunga nayo, ikakikataa. Akachomoa nyimbo tatu mle akazichanganya na hizi za mashine. Kwa hiyo unafungua Trans, wimbo wa kwanza ni Little Thing Called Love, mapenzi matamu ya kawaida, halafu ghafla kompyuta. Msikilizaji wa 1982 angejuaje kuna mtoto mle ndani? Hakuna aliyemwambia. Mpishi katia sukari kwenye mchuzi halafu analalamika hatujausikia iliki.

Nyimbo zile za vokoda peke yake ningeziweka tano bora.

Mama K

Fundi, hapo nakubaliana nawe. Mimi nimetengeneza orodha yangu kwenye simu, zile tatu nimezitoa.

Bint Mzizima

Swali langu gumu basi: tungeipenda Trans bila kujua habari za Ben? Mimi naogopa jibu ni hapana. Lakini na Tonight's the Night hivyohivyo, tunaipenda tukijua Whitten kafa, na yule kijana wa vyombo Bruce Berry kafa. Mbona huko hatuulizi?

Fundi Redio

Kwa sababu Bruce Berry katajwa kwa jina kwenye mstari wa mwanzo mwanzo. Ben hakutajwa.

Bint Mzizima

Baba akificha jina la mwanawe kwenye wimbo, ni kosa la utunzi hilo, au ni malezi?

Mzee Baridi

Naongezea kuhusu Geffen maana inaeleza Everybody's Rockin'. Baada ya Trans aliwapelekea albamu ya country. Wakakataa, wakataka rock 'n' roll. Akasema sawa, nawapa rock 'n' roll: akavaa suti ya waridi, bendi akaiita Shocking Pinks, akatoa nyimbo za mtindo wa miaka ya 50. Mwaka uleule wa 1983 wakamshitaki, dola milioni 3.3, eti anatoa muziki usiofanana na Neil Young. Mtu anashitakiwa kwa kutofanana na yeye mwenyewe! Kesi ikafutwa, akaombwa radhi. Ile ya country ikaja kutoka baadaye, Old Ways, 1985.

Kwa hiyo Everybody's Rockin' ni albamu mbovu niipendayo. Ilifanywa mbovu kwa ufundi.

MtotoWaNakuru

Old Ways ako na Willie Nelson na Waylon Jennings ndani. Mimi siwezi kusema mabaya, nyanya atanitokea usiku.

Lakini wadau hatujafunga hesabu. Trans imesamehewa. Everybody's Rockin' imesamehewa kwa sababu ya ukorofi. Time Fades Away imesamehewa kwa sababu ya msiba. Imebaki Landing on Water, 1986. Sintesaiza mwanzo mwisho, ngoma zimerekodiwa kama mtu anapiga pipa ndani ya choo cha shule. Kuna mtu ana hadithi ya kuitetea? Santuri? Fundi?

Santuri Kuukuu

Sina.

Fundi Redio

Nilijaribu. Nilifika wimbo wa nne nikaenda kubadilisha balbu ambayo haikuwa imeungua.

MtotoWaNakuru

Mama K?

Mama K

Hiyo nilimwekea mwanangu Jumanne. Alilala kabla ya kibwagizo cha kwanza, na mimi nikalala.